Sala ya Kulala, Saa Saba Mchana

Masanduku ya magurudumu yakiburuzwa juu ya changarawe: sauti hiyo bado ninayo masikioni. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, kwenye shule ndogo ya bweni ya Kikristo hapa Babati, na watoto walikuwa wanarudi kutoka likizo: wa Kongo, wa Korea, wa Burundi, wa Sudani Kusini. Mimi niliishia kidato cha pili. Nilisimama nikitabasamu tu.

Kwanza nilipangiwa kufua. Baadaye matroni mkuu, yaani mama msimamizi wa mabweni, akanihamishia bweni la wasichana wadogo. Kazi ilikuwa kukagua vitanda, kuwaogesha, na baada ya prepo, yale masomo ya jioni, kuwasimamia wakisali kwa Kiingereza. Niliwapenda mno. Sala yao niliishika yote kwa kuisikia, ingawa maana sikuijua.

Shule ilikuwa na desturi: kila mfanyakazi ana zamu ya kuombea chakula cha mchana, kwa Kiingereza. Mpishi wetu, Mama Paulo, mwenyeji wa Mbulu, aliisubiri zamu yake kama sikukuu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini kila siku ya zamu yake alikuwa anavaa kitenge cha kanisani. "Leo na mimi ni mchungaji," alikuwa anasema.

Zamu yangu ikafika wazazi wageni wakiwepo. Nikafumba macho, nikaitoa sala niliyoijua, kwa sauti, bila kukwama popote. Nilipofumbua, ukumbi mzima ulikuwa unacheka. Nilikuwa nimemwomba Mungu atulinde usingizini hadi asubuhi, na wali maharage uko mezani.

Nikatoka nje. Mlinzi wa getini alikuwa ameshapata habari.

"Usiku mwema, dada."

"Hebu niache, kaka."

Mkuu wa shule akaniita. Hakufoka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Binti, ulijua unasema nini?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi kuanzia kesho chakula kitaombewa na walimu tu. Sitaki wafanyakazi mwaibike tena."

Kuchekwa kulipita. Kilichoniuma ni Mama Paulo. Nilimfuata jikoni kumwomba samahani.

"Aa, mwanangu, hata mimi nilikuwa nabahatisha," akasema, akaendelea kuchambua mchele. Hakuniangalia. Tangu hapo nilikuwa nachukua chakula changu dirishani nimeinamisha kichwa.

Sasa nimeacha kazi. Wenzangu wananiita mstaafu, na ujana wangu huu. Nina ndoto ya kufungua kituo cha watoto kule Maisaka, na kila mtu ataombea chakula kwa lugha aliyonayo. Wewe mdogo wangu unayeingia kazi ya bweni, waulize watoto maana ya wanayosema. Watakueleza kwa furaha kabisa. Mimi niliona haya kuwauliza.

Siku ya kuondoka sikumwambia mtu ninakokwenda. Nilikwenda peke yangu hadi ofisi ya mkuu wa shule, kumwomba amrudishie Mama Paulo zamu yake. Sikukariri neno hata moja. Nikabisha hodi.