Sajenti na Geti la Wanja

Mpaka leo nikinusa sabuni ya kipande imechanganyika na raba, mimi hupotea kabisa. Juzi nilikuwa napita kwa mtu wa pancha hapa Kabiro, mtaani kwetu Kawangware, akawa anapaka tairi maji ya sabuni kwa brashi iliyokwisha meno, nami nikasimama palepale barabarani na unga wangu mkononi, mtu mzima mzima, nikivuta hewa. Yule kijana akaniuliza, "Mathe, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Sasa ningeanzia wapi kumweleza habari za Sajenti?

Sajenti alikuwa lori letu. Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma, alimnunua kwenye mnada, lori kuukuu la jeshi lenye pua ndefu na mlango wa dereva ambao haukufunguka mpaka uupige teke. Akampaka rangi ya buluu, lakini kila jua lilipochoma sana, kijani cha kambini kilichungulia tena. Watu wa ploti, wapangaji wenzetu, ndio waliomwita Sajenti. Hata Mama, ambaye hakumpenda, alikuwa akisema, "Huyo Sajenti wako amenichafulia tena nguo kwa kamba," kana kwamba anamsema shemeji mlevi.

Siku nyingi Sajenti alibeba mchanga na mawe ya ujenzi. Msimu wa mavuno alibeba mboga za Mama. Mama alikuwa amekodi shamba Silanga, kule Kibera, pembeni mwa lile bwawa watu waliloliita dam, na pamoja na wanawake wenzake alilima sukuma, managu na nduma. Udongo wa pale ni mweusi na una rutuba ajabu, lakini ikinyesha, matope yake yanakuvua gambuti mguuni. Mwaka mmoja Sajenti alishuka kuchukua mavuno akazama mpaka kwenye ekseli. Mvua ikaongeza, maji ya dam yakapanda, na Mama akasimama pale akitazama mboga zake zikifunikwa. Alirudi nyumbani, akavua gambuti mlangoni, akasema, "Basi," akasonga ugali. Baba ndiye ambaye hakula.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokaribia, Baba alirudi na matairi ambayo sijawahi kuona tena mfano wake. Yalitoka kwenye mashine ya machimbo ya mawe. Nilisimama kando ya moja, nikainua mkono, na bado sikugusa juu. Alikuwa amekubali kuyalipia kwa matairi ya zamani ya Sajenti pamoja na kazi ya kuchomelea mageti, kwa hiyo hapakuwa na kurudi nyuma. Jirani yetu Onyi, fundi mwenzake Baba na mtu wa mdomo sana, alizunguka ule mzigo akicheka. "Fundi, hii ni ya nini sasa?"

"Ya sifa," Baba akajibu. "Lazima Sajenti apandishwe cheo."

Nami nikaamini. Wiki nzima niliwaringia watoto wa ploti kwamba baba yangu anapandisha lori cheo.

Kazi ilifanyiwa ndani ya ploti, kwa sababu tairi zikilala nje Kawangware, asubuhi utazitafuta kwa maombi. Ploti ilikuwa ya mzee tuliyemwita Guka, yaani babu, mmoja wa wale wenye ardhi tangu Kawangware ikiwa mashamba ya mahindi. Mkewe, Wanja, alikuwa amefariki kabla sijazaliwa. Juu ya geti, kutoka nguzo hadi nguzo, Guka alikuwa ameweka chuma kipana, na juu yake akaandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa rangi nyeupe, WANJA. Kila jioni aliketi kwenye kigoda chake akiwa amevaa kofia yake ya kahawia, uso ukielekea getini. Sisi watoto tulijua analinda wapangaji wasihame bila kuaga.

Ah, ile kazi! Walimwinua Sajenti kwa jeki, wakampanga juu ya magogo, tairi za zamani zikatoka. Zile kubwa zikakataa kuingia. Baba akakata madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu, kwa grainda, cheche zikaruka mpaka kwenye sufuria ya githeri ya jirani, na bado tairi likagusa bodi kila usukani ulipozungushwa. Basi wakaweka vipande vya chuma juu ya springi kumwinua zaidi. Mimi ndiye niliyekuwa na kopo la sabuni. Nilipaka midomo ya tairi ikateleza, Baba na Onyi wakaisukuma kwa mataimbo huku wakiimba nyimbo za kwao Bungoma zenye maneno ambayo Mama aliniamuru nisiyashike. Wakati wa kujaza upepo, Baba alilifunga kila tairi kwa mnyororo mnene na kutufukuza sote nyuma ya vyoo, maana pete ya rimu ikiruka haiulizi jina la mtu. Tulijibana pale tukisikiliza kompresa ikinguruma, kisha tukasikia "paa!" midomo ilipokaa mahali pake, na ploti nzima ikapiga kelele.

Baba alipima kila kitu. Alipima springi, usukani, nafasi ya matope chini ya ekseli. Alipima kwa futi, na futi ilipopotea akapima kwa shubiri.

Jumamosi asubuhi mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Simu ikalia, ikawa ni Mama, aliyetangulia Silanga alfajiri. Sauti yake tuliisikia sote. "Baba Nafula, maji yameingia mstari wa kwanza wa nduma. Tumeshavuna nusu, tumerundika. Uko wapi?"

"Nimetoka!" Baba akasema, na akaupiga mlango teke.

Sajenti akanguruma, akasogea, mkubwa, mrefu, wa kutisha. Alipofika getini Baba akakanyaga breki. Paa la kichwa cha lori lilikuwa juu kuliko maandishi ya WANJA. Hakuna mtu, katika ploti nzima ya mafundi, aliyekuwa amekumbuka kupima geti.

Kisha Onyi akaanza kucheka, akaona uso wa Baba, akaacha.

Wakapunguza upepo mpaka matairi yakakunjamana. Bado. Onyi akapata wazo kwamba uzito utasaidia, basi ploti yote ikapanda nyuma: akina mama na watoto mgongoni, fundi wa viatu, mwalimu wa nasari, mimi juu ya mabega ya mtu. Sajenti, aliyezoea kubeba jeshi, hakushuka hata kidogo. Baba akajaribu kusogea, chuma kikakwaruza, akarudi nyuma haraka kama aliyemkanyaga mtu. Simu ikalia tena. Safari hii tukasikia tu wanawake wakiitana nyuma ya Mama na maji yakichapa. Baba akaweka paji la uso juu ya usukani, nikaogopa, kwa sababu sikuwa nimewahi kumwona hivyo.

Guka akainuka kwenye kigoda chake. Akaja polepole na fimbo, akatazama lori, akatazama juu kwenye jina la mkewe.

"Fundi, kata."

"Mzee, hapana. Hicho siwezi."

"Wee! Unataka chakula kioze shambani na huyu ananiangalia? Atanigombeza mpaka nimfuate. Kata, lakini kata huku pembeni. Usiguse jina."

Baba akawasha grainda. Guka alisimama karibu sana, akavua kofia yake ya kahawia, akaishika kifuani mpaka chuma kikashuka mikononi mwa Onyi. Akakifuta vumbi kwa mkono wa koti. Nilidhani ni joto la zile cheche lililomvua kofia, nikamwonea huruma kwa jasho.

Silanga nilienda nao. Yale matairi yaliyatafuna matope bila hata kuyumba, na Mama, akiwa ndani ya maji mpaka magotini, alipomwona Sajenti akishuka alikaa juu ya gunia la nduma akalia kwa sauti, huku akimtukana Baba kwa kuchelewa. Mavuno yote tuliyabeba. Nilipomwuliza jioni kama sasa Baba ana sifa, alinikazia macho. "Sifa gani, mtoto wewe? Yale matairi ni ya mboga zangu. Baba yako hajui kusema pole, anajua kuchomelea."

Wiki hiyohiyo Baba aliongeza urefu wa nguzo na kukirudisha kile chuma juu kabisa. Geti likawa refu kuliko nyumba, la kuchekesha, na WANJA akaonekana kutoka barabarani.

Guka alipofariki, nilikuwa nimeshamaliza shule. Sajenti ndiye aliyembeba. Lori lilifika chini ya geti, na lingeweza kupita vizuri tu, nafasi ilikuwa tele. Lakini Baba alisimamisha, akaupiga mlango teke, akashuka. Yule Baba ambaye kofia yake ya kufuma Mama humvua kwa nguvu kanisani, aliivua, akaishika kifuani, akatazama juu kwenye lile jina. Hapo ndipo nilipokumbuka Guka na zile cheche, na nikajua halikuwa joto. Nililia pale nyuma ya lori nikiwa nimeshika ukingo wa jeneza, mpaka Baba aliporudi ndani na kumpitisha Guka polepole chini ya mkewe.