Samli Ndani ya Chupa ya Zaituni

Niliyamwaga kwenye sinki mafuta ya zaituni ya kaka yangu, yote, kisha nikaijaza chupa yake samli iliyoyayushwa. Ilikuwa Alkhamisi jioni, mama yuko juu anasali. Chupa yenyewe ya kijani kiza, hapana wa kuona kitu. Nikajiona fundi.

Sababu? Wivu. Siupambi.

Nyumbani kwetu Mabela tunakula sinia moja. Ndivyo tulivyozaliwa tukakuta, mikono yote ndani ya wali mmoja, na ukichelewa unakuta mifupa. Mpaka kaka alipopimwa damu kwa ajili ya kuingia kazini, daktari akakuta lehemu, yale mafuta ya kwenye damu, iko juu kuliko ya baba, na baba ni mtu aliyekwishazibuliwa mshipa wa moyo. Akasema ni mambo ya ukoo: kaka atumie dawa, samli na mafuta ya nyama ayapunguze sana, ale samaki, lozi, na apikiwe kwa mafuta ya zaituni.

Sasa mtazame kaka mwenyewe. Mwembamba, ukimtia nyama unachoma mshikaki. Mimi ndiye ambaye tumbo linatangulia mlangoni, mwenyewe nafuata. Hata maradhi ya wanene kapewa yeye.

Toka siku hiyo akawa na sahani yake. Mama akimpikia nguru peke yake, akimkamulia ndimu, akimtolea miba kwa vidole vyake. Mtu ana ndevu, anatolewa miba. Lozi analetewa kwenye kibakuli kama mgeni wa Idi. Na mama haketi tena kwenye sinia, anaketi ubavuni mwake, anamuuliza hiki kitamu, hicho kimekutosha. Mimi nikisema nataka samaki kama yule, naambiwa wewe mzima, kula na wenzako. Uzima wangu ukawa ndio kosa langu. Nilianza hata kukohoa wakati wa chakula. Hapana aliyegeuka.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: kaka ataila samli bila kujua, hatodondoka, nami nitasimama niseme, mnamuona, hana kitu huyu, mrudisheni kwenye sinia. Nilisahau kwamba jikoni kwetu kiyoyozi kinawaka kutwa, mtu anakata vitunguu kavaa sweta.

Ijumaa baada ya sala akaja shangazi kutoka Al Khuwair. Boko boko la ngano na nyama likawekwa katikati, kishimo cha samli kinang'ara juu yake. Mama akachukua chupa ya kaka ili amtilie kwenye saladi. Akaiinamisha, hakikutoka kitu. Akaipiga kitakoni. Akaitikisa. Shangazi akaipokea, akaingiza ncha ya kisu, ikatoka na donge la manjano. Akalinusa.

"Samli hii," akasema. "Tena ya kwenu, ya iliki."

Hawakuwa na haja ya kumtafuta mtu, kwani nilikuwa nimeshaanza kucheka. Baba akaniuliza kwa Kiarabu, na baba akihama lugha ujue mambo yamekuwa makubwa. Nikasema yote, mpaka ya ile miba, na humo ndani ya kusema kicheko kikanikauka.

Kaka ndiye aliyecheka. "Basi mpeni yeye sahani," akasema, "mimi nirudi kwenye sinia. Wallahi nnaliota boko boko. Nyinyi huko mnagombania nyama, mimi hapa nnatazamwa nikitafuna."

Miezi yote hiyo mimi namuonea wivu yeye, kumbe naye ananionea mimi na mifupa yangu.

Mama hakucheka wala hakugomba. Mimi nilishaangalia ndara zake ziko wapi. Kule kutogomba kwake ndiko kulikonitia ujeuri wa mwisho, nikamuuliza: kama ni mambo ya ukoo, mbona mimi sijapimwa? Au na damu yangu haina thamani?

Akaiweka chupa chini, akapangusa vidole, akanitazama mimi peke yangu.

"Daktari aliniambia nikulete na wewe tangu siku ile," alisema. "Kila wiki nasema wiki ijayo. Naogopa, mwanangu. Jumapili asubuhi usile kitu, tunakwenda mimi na wewe."