Nilisema Nyumba ni Nzima

Doa la kwanza darini lilikuwa dogo kama kisosi. Nililiona asubuhi nikimgeuza mume wangu, maana tangu apigwe na kiharusi lazima ageuzwe kila baada ya saa chache, la sivyo anatoka vidonda. Kitanda chake cha hospitali kiko chini ya lile doa hasa, na hakina pa kwenda. Vyumba vingine viko ghorofani, upande wa pili wa nyumba; juu ya hiki kuna paa tu, na hiki ndicho chumba pekee chenye mlango wa kupitisha kitanda na mashine yake ya kupumulia. Wiki mbili kabla ya hapo mvua ya mawe ilikuwa imeupiga mji wetu wa Lewisville, mawe kama ndimu, na nilidhani tumepona kwa sababu hakuna dirisha lililovunjika.

Mimi sijasoma. Niliishia darasa la nne. Nimesugua vyoo vya maofisi ya mji wa Plano mpaka nikawa na wanawake wanane wanaosugua chini yangu, na nyumba hii nimeinunua kwa magoti yangu. Sisemi ili nisifiwe. Nasema ili ujue kwamba mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Lile doa niliogopa. Daktari alikuwa ameshaniambia, kuvu ikiingia kwenye mapafu ya mtu kama huyu hatutamrudisha.

Nikapiga simu bima. Wakamtuma mkaguzi, kijana wa Kizungu mwenye adabu, kofia mkononi. Mlangoni akaniuliza hali yangu, akauliza na nyumba inaendeleaje. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha kazini kwamba nzuri, nyumba ni nzima, hakuna tatizo, tunamshukuru Mungu. Nikamkaribisha ndani, nikamwekea chai na maandazi.

Wewe msomaji umeshaelewa nilichofanya. Kwetu mtu humpokei na shida mlangoni. Unamwambia nzuri, anakaa, anakunywa, ndipo unasema "ila." Hata penye msiba tunajibu nzuri kwanza, maiti iko ndani. Mimi nilikuwa nasubiri amalize andazi ndipo nimpeleke kwa mgonjwa nimwonyeshe dari. Yeye simu yake ilikuwa inarekodi tangu mlangoni, aliniomba ruhusa nami nikasema sawa, kisha akaiweka mezani. Alipomaliza chai akazima simu, akapanda paani dakika chache, akashuka. Nilipoanza "ila" yangu alikuwa anaangalia saa, ana nyumba nyingine ya kwenda. Alichungulia darini kutokea mlango wa chumba cha mgonjwa, akaondoka.

Barua ikaja. Madai yamekataliwa. Paa limechakaa kwa umri, tena mwenye nyumba mwenyewe, katika maelezo yaliyorekodiwa, alisema nyumba haina tatizo. Nikapiga simu kulalamika. Wakaniambia nalalamikia nini, sauti ni yangu. Hawakusema hivyo kwa ubaya, lakini ndivyo ilivyoniingia. Barua ya pili ikakataa yale malalamiko pia.

Tangu siku hiyo nikawa naogopa sanduku la posta. Naogopa wingu. Simu ikilia ile kengele ya tahadhari ya dhoruba, natoka nje kutazama paa. Nilitandika turubai juu ya paa na wanawake wangu wawili, upepo ukalivuta. Doa likawa sahani ya wali, kisha sinia. Nikaweka beseni juu ya kabati la kando ya kitanda, na mume wangu, ambaye siku hizi anasema maneno machache, akawa analitazama tu lile doa.

"Linadondoka," alisema.

"Naona."

"Litanidondokea mimi?"

"Halikudondokei. Lala."

Paa zima nisingeweza kulilipia. Nilichokuwa nacho kilikuwa kimeshakwenda hospitali.

Mwanamke mmoja wa kazini akanielekeza mji wa Richardson, kwenye kampuni inayofuatilia madai ya bima yaliyokataliwa. Aliyenipokea alikuwa Mkenya, tai imenyooka, mtu wa kuchangamka.

"Karibu sana, mama. Hii kitu yako nimeona mingi kama hiyo. Wewe u-sign hapa tu, ingine tuachie."

"Nikisaini, mnafanya nini?"

"Tunaongea na wao. Wewe hutaongea na insurance tena, pesa ikitoka tunachukua percentage yetu. Isipotoka hulipi."

"Na kama nikiongea mwenyewe?"

Akacheka kidogo. "Mama, si tayari uliongea?"

Kofi hilo nililistahili. Kisha akaongeza, bila kucheka, kwamba nina haki ya kulalamika mwenyewe mpaka ofisi ya jimbo inayosimamia bima, bila malipo. Lakini nikiandika vibaya, kile kitakachoandikwa kitabaki kwenye faili, na wao hawataweza kukifuta. Kusema kweli alikuwa muungwana. Alinipa mkataba nikausome nyumbani. Kurasa sita. Niliubeba kwenye mkoba kama mtu aliyebeba nyoka kwenye kapu, najua yupo, sijui kichwa kiko wapi.

Woga wangu wa saini una sababu. Kazi yangu ya kwanza nchi hii nilisaini karatasi nisiyoielewa, nikafanya kazi mwaka mzima nikidhani likizo ipo. Tangu hapo sisaini kitu mpaka mdogo wangu anayeishi Houston akisome. Yeye ndiye aliyesoma kwetu, mimi nikiwa sokoni nauza ili asome. Tena yeye mwenyewe alishawahi kupeleka madai yake kwa kampuni ya namna hiyo baada ya kimbunga. Nikamwacha mgonjwa na mwanamke wangu mmoja, nikapanda basi kwenda Houston. Saa zote zile nilikuwa naangalia mawingu upande wa kushoto na kukisia iwapo yanaelekea kaskazini, nyumbani kwangu.

Cha kwanza nilichoona kwa mdogo wangu ni turubai la bluu juu ya paa lake.

"Bado?" nikamuuliza hata sijakaa.

"Shikamoo kwanza, dada."

"Marahaba. Bado?"

"Bado. Lakini ile kampuni imeshapata jibu la bima, ambalo mimi peke yangu nisingelipata. Sasa wanabishana juu ya kiasi cha pesa."

"Na wewe unasemaje huko?"

"Mimi sisemi. Nikipiga bima, wananiambia ongea na mwakilishi wako. Nikipiga kwa mwakilishi, ananiambia subiri." Akavua miwani. "Mimi naweza kusubiri, dada. Hapa hakuna mgonjwa."

Akausoma mkataba wangu mstari kwa mstari mezani, shemeji yangu kapakua pilau, mpaka ikapoa. Yote aliyoniambia yule Mkenya yalikuwemo. Ilikuwemo pia kwamba siku chache za kwanza zikipita, siwezi kuondoka bila kuwalipa.

"Nisaini?" nikamuuliza.

"Unataka jibu la mdogo wako au la mtu anayekuogopa?"

"Mpumbavu wewe. Jibu."

"Hawa ni wazuri pale bima inapobishana juu ya vigae na misumari. Wewe bima inabishana na sauti yako. Watasema nini juu ya sauti yako? Watasema mama alikuwa anasalimia? Wao hawakuwepo. Anayeweza kusema hivyo ni wewe tu."

Nikauvuta mkataba kwangu bila kubisha, jambo ambalo mdogo wangu alilitazama kama mtu anayetazama mbuzi akipanda mti. Nilikuwa naogopa pande zote mbili. Nikisaini, ninafungwa mdomo huku maji yanadondoka juu ya mume wangu. Nisiposaini, nikikosea, mlango wa kampuni nao umefungwa, na hakuna wa kumlaumu ila mimi wa darasa la nne.

Simu ikalia. Mwanamke niliyemwachia mgonjwa. Kipande cha dari kimeanguka, kimegonga reli ya kitanda. Mzee ni mzima, ila anakohoa.

Nikaurudisha mkataba kwenye mkoba bila saini. "Andika," nikamwambia mdogo wangu. "Mimi nasema, wewe andika Kizungu."

Nikasema yote. Chai, andazi, nzuri, "ila." Nilimwambia aandike kwamba kwetu hata aliyefiwa hujibu nzuri, na kwamba yule kijana alipozima simu mimi ndio nilikuwa naanza kuzungumza. Akataka kupamba, nikamkataza. Tukaambatisha picha za simu yangu, za dari na za paa nilizopiga siku ya turubai, na barua ya daktari kuhusu mapafu. Nakala moja bima, nyingine ofisi ya jimbo. Nikasaini, kisha nikapanda basi la kurudi.

Siku nilizosubiri sizisimulii. Nilimlaza mume wangu kichwa kikiwa miguuni pa kitanda, nikatandaza nailoni juu yake kama mama anayefunika mihogo sokoni.

Kisha wakapiga, wanatuma mkaguzi mwingine. Hawakuahidi kitu.

Alikuja mtu mzima, ndevu za mvi, ngazi begani. Akauliza hali. Nilihisi neno lile, nzuri, likinipanda kooni lenyewe, kama lilivyonipanda miaka yote tangu mama yangu anifundishe. Kulimeza kulikuwa kama kuilaani nyumba yangu kwa mdomo wangu. Watu wa kwetu wanasema ubaya ukiutaja unausogeza.

"Mbaya," nikamwambia. "Nyumba mbaya. Mume wangu yuko chini ya tundu. Washa simu yako kwanza, kisha njoo uone."

Akawasha. Nikamwonyesha kila kitu, tangu nailoni mpaka reli iliyogongwa. Chai sikumpa. Sijawahi kumnyima mgeni chai maisha yangu yote.

Alipopanda, nikamshikia ngazi nje ya dirisha la mgonjwa. Hatua zake zilikuwa za polepole, zinasimama, zinarudi. Yule wa kwanza hakutembea hivyo. Mume wangu akaniita kutoka ndani.

"Nani anatembea juu?"

"Mtu wa bima."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia nyumba mbaya."

Akakohoa, nikasikia mashine ikimvutia pumzi.

"Mlangoni?" akauliza.

"Mlangoni."

Juu hatua zilisimama pale pale penye tundu, na hazikuondoka haraka. Nikaikaza ngazi kwa mikono yote miwili.