Baridi Wakati wa Kaskazi

Kabla sijaugua nilikuwa mpishi wa shughuli hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Iwe harusi, iwe hitima, iwe jando, mwenye shughuli alikuja kwangu kwanza, mengine yakafuata. Kisha ukanitokea uvimbe nyuma ya pua, mahali ambapo hata daktari hapaoni mpaka aingize mpira mwembamba wenye taa. Nikapelekwa Maputo, nikapigwa mionzi. Walinibana uso kwa kinyago cha plastiki ili nisitikisike, nikalala kimya, mashine ikanizunguka. Pale pale haikuuma. Maumivu yalikuja baadaye: koo likawa kama nimemeza kaa la moto, ngozi ya shingo ikababuka. Hayo yakapita, uvimbe ukaisha, nikarudi nyumbani, watu wakanisomea maulidi.

Ambayo hayakurudi ni mate. Sijapata kumsikia mtu akimshukuru Mungu kwa mate. Mpaka leo popote niendapo chupa ya maji iko mkononi. Mkate mkavu siuwezi, mhogo wa kuchoma siuwezi. Ladha ilirudi nusu: chumvi naijua, sukari naisikia kwa mbali, ndimu inaniunguza tu. Upishi sikuuacha. Binti yangu mkubwa akawa ndiye anayenionjea, na mimi nikimtazama usoni najua kama tui limezidi. Meno nayachunga kama macho, kwa sababu Maputo walinionya kwamba taya lililopigwa mionzi likitolewa jino huenda kidonda kisipone.

Nilizoea. Vita vikaja, tukakimbilia Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, tukarudi, na bado nilikuwa mzima. Ndiyo maana yaliyofuata yalinivunja moyo.

Ilikuwa kaskazi, joto la kumfanya mtu alale barazani, na mimi nikasikia baridi. Nilijifunika kanga mbili mchana kweupe. Nikawa mzito. Naamka asubuhi uso umevimba, sauti imekuwa nene kama ya mwanamume, nywele zinabaki kwenye kitana. Nikienda jikoni nasahau nilichofuata. Kiti kikinipokea, sinyanyuki.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, tunaishi naye ua mmoja. Yeye alisema ni jicho la mtu. Majirani hawakusema kitu, na kule kunyamaza kwao nilikuelewa: ugonjwa umerudi. Hata mimi niliamini hivyo. Sikwenda kuuliza popote, nilianza kugawa. Sufuria kubwa la pilau nikampa wifi, jingine nikampa jirani, miiko na chungio la tui nikawapa wanawake wa msikitini. Niliwaambia nimechoka kupika. Wifi alipokea, kisha nikamsikia analia upande wa pili wa ukuta. Sikuona hata huzuni. Nilikuwa na usingizi.

Mume wangu anafua nguo kwenye kambi ya gesi ya Afungi, na huwa anakaa huko wiki kadhaa ndipo apewe likizo. Aliporudi safari hiyo akakuta jiko tupu. Hakufoka. Alikaa kizingitini akaniuliza vyombo viko wapi, nikamweleza.

"Nani amekwambia unakufa?" akasema.

"Mwili wangu."

"Mwili wako haukusomea udaktari. Jiandae, twende Pemba."

Pemba tulimkuta daktari, dotora kama tunavyomwita huku, mwanamke kijana asiyejua Kiswahili, mume wangu akawa ananitafsiria Kireno ambacho na mimi nakisikia kidogo. Aliuliza ni sehemu gani ya mwili iliyopigwa mionzi. Akanipapasa shingo polepole. Kisha akauliza kama nasikia baridi. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo, nikajikuta machozi yananitoka. Wakanitoa damu, wakanitazama nyuma ya pua kwa ule mpira wenye taa, tukaambiwa turudi baadaye kwa majibu.

Tuliporudi, dotora alivuta kiti chake karibu na changu.

"Ugonjwa haujarudi, mama," alisema. "Mionzi iliyouua ugonjwa imeichosha na tezi ya shingoni mwako. Tezi hiyo ndiyo inayoupa mwili nguvu na joto."

Mume wangu akatafsiri. Akatafsiri tena. Nilikuwa nimeelewa tangu mara ya kwanza, lakini nilimwacha aendelee.

Dawa yake ni kidonge kidogo, kila asubuhi kabla sijala kitu, maisha yangu yote. Nguvu hazikurudi kwa haraka. Zilirudi kidogo kidogo, mpaka siku moja nikavua kanga ya pili bila kufikiri. Wifi alikuja na lile sufuria kichwani, amelisugua mpaka linang'aa. Aliniambia hakulipenda hata siku moja, kila akiliona lilimtisha.

Ramadhani bado ni ngumu kwangu. Bila maji koo linajifunga, sauti inakatika. Shehe wetu aliniambia nisifunge, nilishe maskini badala yake. Mwaka wa kwanza nilikuwa najificha nyuma ya jiko kunywa maji, naona haya mbele ya watoto wanaofunga. Siku hizi nakunywa ndani kwangu bila kujificha, na anayeniuliza namjibu.

Majuzi alinijia mwanamke kutoka kijiji cha Nhica, ndiyo kwanza ametoka Maputo, shingo bado nyeusi kwa mionzi. Alitaka kujua mate yatarudi lini. Nilimwambia kwamba yangu hayakurudi, pengine yake yatarudi. Nikamwambia ahakikishe anapimwa damu kila mwaka, na akisikia baridi wakati wenzake wanajipepea asikae nyumbani kama nilivyokaa mimi.

Tulikula wote. Alikula polepole, akitanguliza maji kabla ya kila tonge, kama mimi. Halafu akaniuliza kama bado ninaogopa.

Nikamwambia siku za kwenda kupimwa, ndiyo. Siku nyingine nasahau.