Siku Mwanahalima Alipompokea Karani wa Boma

Mwishehe wa Gwata alikuwa kijana msomi, lakini usomi wake wote haukumsaidia kulitamka neno moja mbele ya mama yake. Mwaka huo wa hamsini na tatu alikuwa anamaliza darasa la kumi Dar es Salaam, na chuo cha ualimu kilikwisha kumpa nafasi. Nafasi ipo, karo ndiyo hakuna. Baba yake, mkwezi wa minazi ya watu, alikufa zamani, na mama yake, Mwanahalima, aliishi kwa kusuka mikeka na kulima mihogo. Chuo bila karo ni ndoto tu, na Mwishehe aliitaka ile kazi ya ualimu mpaka akawa anaota anaandika ubaoni.

Mwalimu Andrew, msimamizi wa darasa lao, aliwakusanya wanafunzi wasio na uwezo akawaeleza utaratibu. Serikali inaweza kumlipia mtu karo yote, au nusu, au isimlipie hata senti, na yote yanategemea cheti kimoja. Upande wa mbele unajazwa na mwanafunzi mwenyewe. Upande wa nyuma unajazwa na karani wa Baraza la Wenyeji, naye hajazi mpaka afike nyumbani kwa mwombaji, aone kwa macho yake kilichomo, amhoji mwenye nyumba mbele ya jumbe wa kijiji, kisha mwenye nyumba atie dole gumba. Cheti kikichelewa kupita mwisho wa mwezi, nafasi anapewa mwingine.

"Na msione haya," Mwalimu Andrew akasema. "Kama kwenu hakuna kitu, semeni hakuna kitu. Haya haijamlipia mtu karo hata siku moja."

Wenzake wakacheka. Mwishehe naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote, kwa sababu pale shuleni alikuwa amejisifu kwamba kwao wana minazi mingi. Ni kweli minazi ilikuwepo mingi, ila ilikuwa ya watu.

Basi akapanda lori mpaka Kibaha, akashuka, akakata njia ya miguu mpaka Gwata, cheti kimekunjwa kifuani. Njia nzima alikuwa akijifunza namna ya kumweleza mama. Mama, serikali wanataka kujua kama sisi ni mafukara. Aa, hapana. Mama, anakuja mtu kuandika kwamba hatuna kitu. Hilo nalo baya zaidi! Unamwambiaje hivyo mwanamke aliyekulea peke yake, ambaye hata siku za njaa alikuwa akichemsha maji sufuria itoe moshi ili majirani wasijue? Kila neno aliloliokota alilitupa njiani.

Alipofika, mama akampokea kwa vigelegele, akampa maji ya kuoga, akampa muhogo wa kuchoma na chai ya rangi. Mwishehe akala akiangalia chini.

"Mama, kuna karani atakuja kutoka Kisarawe, bomani. Jumamosi. Mimi nakwenda kumchukua."

"Karani? Kuja hapa kwangu? Kufanya nini, baba?"

"Kuiona nyumba. Mambo ya chuo."

"Wakishaiona?"

"Wakishaiona ndiyo wanaamua kama watanisaidia."

Akaishia hapo. Angeongeza sentensi moja tu, mambo yote yangekwenda sawa, lakini haya ilimfunga mdomo, akasema amechoka, akaenda kulala. Alfajiri akaondoka kwenda Kisarawe.

Sasa jiweke mahali pa Mwanahalima, usimcheke. Yeye katika maisha yake alijua aina moja tu ya watu wanaokuja kuitazama nyumba ya mtu kabla ya kuamua jambo: watu wa posa. Na watu wa posa wakija hukai ukawaonyesha paa linalovuja, jamani! Unafagia, unatandika, unapika, na kama huna unaazima kwa jirani, na jirani anakupa bila maneno, kwa sababu kesho zamu ni yake. Serikali kubwa namna ile impe nafasi mtoto aliyetoka kwenye kibanda kitupu? Mwanahalima aliona jambo liko wazi kabisa. Akajifunga kibwebwe.

Akaanza kwa shoga yake Biubwa, mke wa fundi cherehani, mwanamke mwenye mdomo lakini mwenye moyo.

"Shoga, niko uchi," Mwanahalima akamwambia. "Mgeni wa boma anakuja kuiangalia nyumba yangu."

"We! Na utakaa uaibike? Aibu yako ni ya Gwata nzima, bibi wee!" Biubwa akajibu, na hapo hapo akaanza kushusha vyombo vyake kutoka juu ya kabati.

Biubwa akatoa sahani za kaure, birika na busati jekundu. Mzee Mwinjuma, mwenye duka, akatoa viti vyake vya kukunja, meza, taa ya karabai na saa ya ukutani, akaja kuitundika mwenyewe. Baisikeli yake nayo akaiegemeza barazani, eti nyumba isionekane haina mwanamume. Mwingine akatoa kitanda cha chuma chenye godoro la pamba. Jogoo alitoka nyumba ya tatu. Watu wakashinda wakiingia na kutoka kwa Mwanahalima, wakicheka na kutaniana, na kwa kweli kijiji kilikuwa hakijafurahi hivyo tangu mavuno. Jumbe Mwinyimadi angeweza kuwazuia, maana vyeti vya namna hiyo alivijua, lakini alikuwa amekwenda mazishini kijiji cha mbali na hakurudi hadi Jumamosi yenyewe.

Karani aliitwa Hilario, Mkristo wa upande wa Kisarawe, mtu mpole aliyechoka na jua. Njiani alimwambia Mwishehe asiwe na wasiwasi. "Mjane, mkwezi kafa, hakuna shamba. Hiyo ni karo yote, kijana. Mimi naandika tu nilichokiona."

Wakatokea mbele ya nyumba. Mwishehe alipoiona baisikeli barazani alidhani wamekosea nyumba. Kisha akamwona mama yake amesimama mlangoni, amevaa kanga mpya asiyoijua, anatabasamu meno yote nje, na nyuma yake busati jekundu, na meza, na saa inagonga. Lo!

"Karibu, baba, karibu! Hodi ya nini, hapa ni kwako!" Mwanahalima akamshika karani mkono, akamketisha.

Mwishehe akamvuta mama jikoni. "Mama, ni nini hiki?"

"Nyamaza. Hujaona bado. Kuna wali wa nazi na kuku." Macho yake yaling'aa kwa furaha. "Baba yako angeona leo!"

Angemwambia hapo. Palikuwa na nafasi, mlango ulikuwa umefungwa. Akaangalia ile furaha, akaona haya ya kuivunja, akatoka mikono mitupu kurudi barazani.

Karani akala, akashiba, akanawa. Jumbe Mwinyimadi alikuwa amefika na vumbi lake la safari, akaviona vitu, akaelewa yote mara moja, akainamisha uso akawa anachokonoa kucha za miguu. Angesemaje? Kumuumbua mjane wa kijiji chake mbele ya mgeni, huku wali wake uko tumboni mwa huyo mgeni? Majirani nao walikuwa wamejaa barazani. Mzee Mwinjuma alikuwa amekalia kiti chake mwenyewe na anakisifu. "Viti vya Mwanahalima hivi, bwana, ukikaa hutaki kuinuka."

Hilario akakitoa cheti, akakikunjua mezani kwa unyonge. "Mama, Mungu amekujalia. Sheria inanitaka nikuulize mbele ya jumbe. Vitu hivi ni vyako?"

"Vyangu, baba."

"Vyake!" Biubwa akadakia. "Vyake vyote, tangu zamani!"

Karani akatikisa kichwa akachovya kalamu. Mwishehe akaiona ile kalamu inashuka kwenye karatasi na chuo kinaondoka. Mwisho wa mwezi ulikuwa mlangoni, na karani asingerudi tena. Ile haya aliyoilea siku zote ikageuka hasira, na hasira hiyo, badala ya kumwangukia yeye mwenyewe mwenye kosa, ikamwangukia mama.

"Mwongo!" akasema kwa sauti. "Bwana karani, mama anasema uongo. Hakuna chake hapa hata kijiko. Vyote ameazima!"

Kumwita mama yako mwongo, mbele ya mgeni, mbele ya jumbe! Biubwa akajishika mdomo. Mwanahalima tabasamu bado liko usoni, halijui liende wapi.

Hilario akaweka kalamu chini. "Basi kila mwenye chake akichukue, nione kinachobaki," akasema polepole. "Sina njia nyingine, mama. Nisamehe."

Wakachukua. Mzee Mwinjuma akainuka kwenye kiti, akakikunja, akaishusha saa yake bila kumtazama mtu. Biubwa akalikunja busati huku analia na kumtukana Mwishehe chini kwa chini. Kitanda kikapita mlangoni, sahani zikapita na mchuzi wake. Vilitoka mchana kweupe, kimoja kimoja, mbele ya mgeni, na mwenye nyumba amesimama pembeni akiwapisha watu njia. Mwishowe akabaki na jiko la mafiga, mtungi, na mkeka aliokuwa akiusuka. Karani aliandika akiwa amesimama, cheti amekiegemeza ukutani.

"Tayari," akasema. "Lakini mama hatii dole kabla hajasomewa. Kijana, msomee wewe."

Mwishehe akakipokea. Herufi zilikuwa nzuri, za karani. Akasoma, na sauti yake iliyokuwa ikisifiwa shuleni ikatoka kama ya mgonjwa. "Mwanahalima, mjane, wa Gwata. Ni fukara. Hana kitu cha kuuza wala ndugu wa kumsaidia. Mwanawe anastahili karo yote."

"Basi?" mama akauliza.

"Basi, mama."

Akatia kidole kwenye wino, akakiweka mahali alipoonyeshwa, akakibonyeza sawasawa. Kisha akamgeukia karani akamwomba radhi kwa kumdanganya, akamgeukia jumbe, na mwisho akawaomba radhi majirani kwa kuwasumbua. Karani akaagana nao, cheti mkobani. Karo ilikuwa imepatikana. Hakuna aliyepiga kigelegele.

Walipobaki wawili, Mwanahalima akaketi juu ya mkeka wake, akachukua ukili, akasuka kidogo, akaacha.

"Ulijua anakuja kuandika hivyo?"

"Nilijua."

"Na ulikaa hapa usiku ule ukala muhogo wangu, ukanyamaza."

"Niliona haya, mama. Sikuweza kulisema neno lile."

"Neno gani, ufukara?" Hakupandisha sauti. "Mimi ufukara nimelala nao kitanda kimoja tangu baba yako afe, nauonea haya gani? Ungeniambia, ningemkalisha yule bwana kwenye jiwe, nikampa maji, akaandika, akaenda zake. Heshima yangu ningebaki nayo." Akamtazama. "Niambie kweli, mwanangu. Uliona haya kunitajia neno, au ulinionea haya mimi?"

Mwishehe akaikumbuka ile minazi aliyojisifia shuleni. Jibu alikuwa nalo, na mama alikuwa akilisoma usoni kwake, pole pole, yeye ambaye hakwenda shule.