Mashine ya Nne ya Kizingitini

Kwanza nisameheni kwa mwandiko mbaya na makosa ya herufi. Niliishia darasa la nane na huandika polepole. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana mweupe, na wanaosema niliota hawakuwepo.

Kwetu ni Wiyoni, na kazi yangu ni kuunga waya. Bwana Athmani, mwenye kiwanda cha barafu Kizingitini, aliniita kwa sababu mashine zake tatu zilikuwa hazisikii amri za sanduku la kuziongoza. Nilipofungua nikaona kosa. Waya wa mawasiliano ulipitishwa bomba moja na ule wa umeme, na umeme ulikuwa unavuruga maneno yake. Nikachagua waya mwingine, wa nyuzi mbili zilizosokotwa na kuvikwa bati jembamba, nikauchimbia mtaro wake peke yake kwenye kiwanja kitupu nyuma ya kiwanda.

"Barafu isipotoka hadi alasiri namwita fundi wa Mombasa," Bwana Athmani akaniambia. "Wewe rudi Wiyoni ukaunge kengele za milango."

Ilikuwa Ijumaa. Wote wakaenda msikitini, mimi nikabaki kazini. Hilo nakiri. Nilikuwa nimetoka kufunika mtaro kwa simenti, bado mbichi, mama mmoja wa buibui akaja akasimama juu yake.

"Mwanangu, nti hii uliyochimba ni yangu," akasema. "Huo waya wako utasema mno. Wanangu hawatalala. Uondoe."

Mimi ni mtu wa haya, hata dukani huagiza kwa kuonyesha kidole. Lakini ungefanya nini? Nikiuondoa, barafu haitoki, na hakuna atakayeniita fundi tena.

"Shikamoo, Bi," nikasema. "Hauondoki."

"Wajua wasema na nani?"

"Sijui. Na hauondoki."

Akacheka kidogo, akatembea juu ya simenti mpaka mwisho wa mtaro, na pale pale nikawa simwoni. Nikainama kutazama. Simenti haikuwa na hata alama moja ya mguu. Niaminini. Kisha nikaunga ncha ya mwisho, nikawasha.

Barafu ikatoka kabla ya alasiri. Bwana Athmani akasema tu, "Haya, fundi."

Tangu siku ile sanduku likiziita mashine, ya kwanza, ya pili na ya tatu hujibu, kisha hujibu ya nne. Hakuna mashine ya nne. Fundi wa Mombasa aliletwa, akakagua kila ncha, akapanda boti siku hiyo hiyo. Watu wananiambia niukate waya. Sikati. Kazi yangu ni safi, na anayetaka kujibu na ajibu.

Ila nawaonya mafundi wenzangu: ikiwatokea, msimwulize kitu. Mimi niliuliza mara moja, nikataka kujua joto la mashine hiyo. Sanduku likaandika thelathini na saba, joto la mtu mzima aliye hai. Kidole nilichobonyezea ni baridi hadi leo.

Kama nawe umewahi kujibiwa na mashine usiyoiunga, niandikie. Na kama huniamini, niandikie pia. Nitakujibu, japo polepole.