Jina Kutoka Kwenye Beseni

Kila Alhamisi saa saba mchana Jumwa alikuwa akivua glavu, akinawa mikono, kisha akikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya jokofu la damu na kumwombea mtu mmoja. Wenzake katika maabara ile ya Msambweni walijua kwamba kwa dakika kumi asiitwe. Husna ndiye aliyemlindia mlango, kama Jumwa naye alivyomlindia wakati wa swala. Mlango aliulinda, ila ulimi ulimshinda.

"Si ndugu yako, si mumeo, wala hamjaonana tangu shule," alimwambia siku moja. "Dada Jumwa, mtu huyo akifa hutajua hata uende wapi kuhani."

Jumwa alicheka, akairudisha kadi ndani ya Biblia.

Kadi ile ilikuwa na jina moja tu, Chome Kaingu, lililoandikwa kwa kalamu ya bluu iliyokwisha kupauka. Aliipata akiwa kidato cha tatu, kwenye kambi ya wanafunzi Wakristo, likizo ya Agosti, katika shule moja karibu na Diani. Binti wa wafugaji wa Kinango, alikuwa hajawahi kulala mbali na mama yake. Huko aliimba mpaka sauti ikamkauka, akalia mbele ya watu asiowajua wala asione haya, na kwa mara ya kwanza akahisi kwamba Mungu anamjua kwa jina. Alhamisi ya mwisho, baada ya chakula cha mchana, mwalimu Sanga aliyeiongoza kambi alipitisha beseni lenye majina. Kila mmoja aliokota jina, akawa rafiki wa siri wa mwenye jina hilo, amwombee mwaka mzima bila kumwambia. Kambi ya mwaka uliofuata, kila mtu kwa zamu yake angesimama mbele amefumba macho, na rafiki yake wa siri angekuja kwa nyuma amshike bega. Atakayejitaja kabla ya siku hiyo, mwalimu alisema, atakuwa amelivunja agano.

Mwaka uliofuata ukame uliwamaliza ng'ombe wa babake, na Jumwa hakwenda kambini. Hakuandika barua, hakumtuma mtu. Siku ya kujitaja haikumfikia, basi agano lilikuwa lingali linaendelea. Hivyo ndivyo alivyolielewa, na alipokwisha kulielewa jambo, Jumwa hakuligusa tena.

Miaka saba baadaye alikutana na Cynthia, waliyelala naye chumba kimoja kambini, akasikia kwamba Chome amemaliza chuo kikuu na sasa ni mtumishi anayezunguka vyuoni kuwafundisha wanafunzi Neno. Siku ile Jumwa alitembea kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni, anayeogopa tone lisimwagike. Hakuuliza tena habari zake. Tangu hapo sala yake ikawa shukrani. Asante kwa Chome. Asante kwa vijana wanaomsikiliza. Mzidishie nguvu.

Jumatatu moja mwaka huu kililetwa kichupa cha damu kutoka wodi ya wanaume. Alisoma jina, Chome Kaingu, akasoma umri. Majibu ya ini yalikuwa mabaya. Alimaliza kazi yake, akayapeleka majibu panapostahili, kisha akaenda wodini na Biblia mkononi.

Alimkuta mtu mwenye macho ya manjano, tumbo limejaa, mikono myembamba kama ya mtoto. Jumwa alipotaja mahubiri yake, alimweleza kwamba hahubiri tena, huu mwaka wa kumi na moja. Siku moja alisimama mbele ya ukumbi uliojaa wanafunzi, akafungua kinywa, asikute kitu ndani. Akarudi pwani, akatengeneza simu pale Kona ya Musa, akanywa pombe ya mnazi, kisha akanywa vikali kuliko mnazi. Kona ya Musa, ambako Jumwa alipita kila mwezi akienda kununua sabuni na unga.

Jumwa akampa kadi. Chome aliisoma, akaigeuza nyuma.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema. "Nilisimama pale mpaka wakaanza kukunja mikeka. Mwishowe mwalimu Sanga akanishika bega yeye mwenyewe. Nilifumba macho, lakini mkono wa mwalimu niliujua."

"Nisamehe, kaka. Lakini sikuacha hata wiki moja."

"Ukiniombea nini?"

Alimwambia. Asante kwa huduma yake, asante kwa wanafunzi wake. Maneno yalimtoka mdomoni yakiwa mepesi kuliko alivyoyajua. Chome akauelekeza uso ukutani.

"Miaka kumi na moja, dada, ulikuwa ukimwombea mtu mwingine."

Muuguzi alikuja kumgeuza. Jumwa alipoinuka, Chome alimwita tena, kwa sauti ndogo. "Njoo uniulize hali yangu. Nikwambie, ndipo uombe."

Angeweza kurudi Jumanne. Jumatano alipita mlango wa wodi mara mbili, mara ya pili hana hata sababu ya kupita. Lakini Alhamisi saa saba ndiyo iliyokuwa saa ya Chome, saa waliyookota majina, na alitaka kuikamilisha vizuri. Alijiandalia maswali usiku kucha, akayapanga moja moja.

Alhamisi saa saba alivua glavu, akanawa mikono, akaenda. Godoro la kitanda cha Chome lilikuwa limesimamishwa ukutani, likipigwa upepo wa dirishani.

Husna aliwauliza wauguzi njia ya kwenda kuhani, na Jumamosi wakaenda wote wawili Lunga Lunga, kwa mama yake Chome. Wanawake walikuwa wamekaa mkekani. Husna aliamkia shikamoo, akatoa pole. Jumwa akabaki amesimama.

Mama akamtazama. "Wewe mwanangu, ulikuwa nani wake?"

Jumwa alitafuta neno. Mke alikuwa na jina, dada alikuwa na jina, hata jirani. Alitoa kadi.

"Mimi ndiye niliyeokota jina lake, kule kambini."

Mama aliishika kadi, akapitisha kidole kwenye ile bluu iliyopauka. "Alirudi kutoka kambini mwaka ule akaniambia hakuna aliyekuja," alisema. Kisha akasogea kando kidogo, akapiga mkeka kwa kiganja. "Keti. Umechelewa sana, mwanangu. Keti."